Kurudia Titanic: Adventure Out of Time: sidii mbili za zamani, Windows 11, na safari ya kufikia mwisho bora

Mkoba_wa_Carlson:

Wakuu, salaam. Nawaomba wanaolifahamu vizuri Titanic: Adventure Out of Time, lile gemu la kampuni ya CyberFlix la 1996 la kubofya na kuchunguza, ambamo unakuwa Frank Carlson, jasusi wa Uingereza, ndani ya meli usiku wa tarehe 14 Aprili 1912. Sidii za asili ninazo zote mbili na zinasomeka. Nimekwama hapa:

Kwanza, Windows 11 ya biti 64 inakataa hata kuanza usakinishaji. Ujumbe unasema programu haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, basi.

Pili, kwenye kompyuta nyingine ya Windows XP gemu linafunguka, lakini baada ya muda nyuso za watu zinageuka kijani na zambarau, na kuta zinakuwa na madoa.

Tatu, ile saa. Mara inakaa palepale, mara inakimbia. Inafuata kanuni gani, na mtu ahifadhi gemu wapi na wapi ili asije kukwama karibu na mwisho?

Nne, hiyo meli iliyochorwa inafanana na Titanic halisi kwa kiasi gani? Ningependa kuitembelea kwa utulivu, si kukimbizana na hadithi tu.

---

MtunzaSidii:

Mkuu, anza na sidii kabla ya kitu kingine chochote. Plastiki ya 1996 imeshazeeka, na kila unapoishika sidii unaweza kuiongezea mikwaruzo. Tengeneza faili la ISO, yaani nakala kamili ya sidii ndani ya faili moja, kwa kila sidii, kisha sidii zenyewe uzirudishe kwenye jaladi.

Futa kwa kitambaa laini kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa sidii unaharibu data nyingi zilizopangana, na kifaa kinashindwa kuzirekebisha. Unaokatiza unagusa kidogo tu ya kila mzunguko, na huo husomeka.

Kwenye Windows tumia ImgBurn, sehemu ya kusoma diski. Kwenye Linux tumia ddrescue, kwa sababu inaruka sehemu mbovu kwanza kisha inazirudia:

ddrescue -b 2048 -r 3 /dev/sr0 diski1.iso diski1.map

Hiyo 2048 ni ukubwa wa sekta moja ya sidii ya data kwa baiti, na 3 ni idadi ya kurudia pale palipogoma. Ikigoma kabisa, jaribu kisomaji kingine kabla ya kukata tamaa. Visomaji vinatofautiana sana kwa sidii iliyochoka.

Usifungue sidii na kunakili mafaili yake kwenye folda, halafu ukatengeneza ISO kutokana na folda hiyo. Gemu nyingi za zama hizo zinatambua sidii kwa jina lililoandikwa ndani yake. ISO ya kutoka kwenye folda inapata jina jipya, na gemu litaendelea kudai sidii ya pili wakati umeshaiweka. Tena, kama sidii ina sehemu ya Windows na sehemu ya Macintosh kwa pamoja, kunakili ukiwa ndani ya Windows kunakupa nusu moja tu. Soma sidii nzima, sekta kwa sekta.

Sasa huo ujumbe wa Windows 11. Windows ya biti 64 haina kabisa ile sehemu inayoendesha programu za biti 16, na visakinishi vingi vya katikati ya miaka ya 1990 vilikuwa vya biti 16 hata pale gemu lenyewe lilipokuwa la biti 32. Kwa hiyo kubadilisha mipangilio ya utangamano hakutasaidia. Huwezi kupanga kitu kisichokuwepo. Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni kununua toleo la kidijitali. Gemu hili linauzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya GOG na Steam, na kisakinishi chake ni cha kisasa. Kwa anayetaka kucheza tu, hii inatosha.

Ya pili ni otvdm, ambayo wengine huijua kwa jina la winevdm. Inairudishia Windows ya biti 64 uwezo wa kuendesha programu za biti 16. Ni nyepesi na haihitaji kompyuta ya bandia, ila inakupa nafasi ya kujaribu, haikupi uhakika.

Ya tatu, ninayoipendekeza kwa mwenye sidii, ni Windows XP ya biti 32 ndani ya VirtualBox, programu inayokutengenezea kompyuta ya bandia. Hii ina kila kitu cha biti 16 na bado ni rahisi kuitunza. Mipangilio yake: kichakataji kimoja, RAM MB 512, diski ya GB 10, kumbukumbu ya picha MB 32, sauti ICH AC97. Diski ngumu iweke kwenye kidhibiti cha IDE. Ukiiacha kwenye SATA, kisakinishi cha XP hakina dreva zake, na utakutana na skrini ya bluu yenye 0x0000007B au kitakuambia hakioni diski yoyote. Wengi hukwama hapa na kudhani nakala yao ya XP ni mbovu.

Ikishamaliza, weka Guest Additions (dreva za VirtualBox zinazowekwa ndani ya XP), zima mashine, na uchukue nakala ya hali yake hiyo safi. Halafu unganisha diski1.iso kwenye menyu ya Devices na usakinishe gemu kwenye C:\TITANIC. Gemu likiomba sidii ya pili, rudi kwenye menyu hiyo, chagua diski2.iso, subiri sekunde tatu nne ndipo ubofye. Ukibofya mapema mno XP inakuwa bado inaisoma sidii iliyotoka.

Kuhusu folda: usisakinishe gemu la zamani ndani ya Program Files kwenye Windows yoyote kuanzia Vista kuja juu. Gemu za wakati huo huandika hifadhi zao palepale zilipo, na Windows hairuhusu kuandika hapo. Badala ya kutoa kosa, inayahamishia mafaili kimyakimya ndani ya VirtualStore, kwenye folda ya AppData\Local ya mtumiaji. Ukibadilisha mtumiaji, au ukaendesha gemu kwa haki za msimamizi, hifadhi zako hazionekani tena ingawa zipo.

---

RangiNaSpika:

Naongezea alipoishia MtunzaSidii, nikianza na rangi.

Gemu limechorwa kwa pikseli 640 kwa 480 na rangi 256. Kwenye hali hiyo skrini nzima ina jedwali moja tu la rangi 256, na programu zote zilizofunguliwa zinalitumia kwa pamoja. Windows inajiwekea 20 za kwake, zinazobaki anazipanga aliye mbele. Programu nyingine ikijitokeza, hata kidirisha kidogo cha taarifa pembeni, inapanga jedwali upya, na picha ya gemu iliyohesabu kwamba namba 140 ni rangi ya ngozi inakuta 140 sasa ni kijani. Nyuso zako zinageuka kwa sababu hiyo. Picha zenyewe ni nzima.

Kwa hiyo bofya faili la gemu kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Compatibility. Chagua Windows 95, weka alama kwenye rangi 256 na kwenye 640 x 480, na uzime mandhari za kuona kama chaguo hilo lipo. Halafu funga kila kinachojificha karibu na saa ya kompyuta: kivinjari, kizuia virusi chenye vidirisha, hata programu ya kupiga soga. Usitoke kwenye gemu kwa Alt na Tab. Ukitaka kusimama, hifadhi na utoke kabisa.

Ukubwa wa picha nao unapuuzwa sana, na unaharibu uzuri wa gemu hili kuliko watu wanavyofikiri. 640 kwa 480 ni umbo la 4 kwa 3. Ukilivuta lijaze skrini pana, ngazi kuu inanenepa na watu wanakuwa wafupi. Kwenye skrini ya 1920 x 1080, kuzidisha mara mbili kunakupa 1280 x 960, na kila pikseli inabaki mraba kamili. Ukanda mweusi wa pembeni uache ulivyo. Kwenye 2560 x 1440 zidisha mara tatu upate 1920 x 1440, inaenea juu hadi chini bila kubakiza. Mara mbili na robo kwenye 1080 inawezekana, lakini mistari myembamba ya mbao za ukutani itatetemeka unapotembea.

Wanaotaka uhalisi zaidi ya XP, tumieni 86Box, programu inayoiga kompyuta za zamani, na Windows 98 SE. Pentium MMX ya MHz 166, RAM MB 64, kadi ya picha S3 Trio64V+, kadi ya sauti Sound Blaster 16, kisomaji cha sidii cha mwendo wa 8x. Lazima uwe na mafaili ya ROM ya bodi uliyochagua, bila hayo haiwaki. Angalia asilimia ya kasi kwenye kichwa cha dirisha. Ikishuka chini ya 100, sauti itakatikakatika na midomo ya wahusika itaachana na maneno. Punguza kichakataji hadi Pentium ya MHz 100 au 75 badala ya kuhangaika na mipangilio ya sauti. Mwendo wa sidii usiuweke 2x kwa kutafuta uhalisi, kila mlango utausubiri. Na Windows 98 usiipe RAM inayozidi MB 512, maana namna inavyotenga kumbukumbu ya diski inaifanya ianguke wakati wa kuwaka.

Kwenye VirtualBox, kishale kikirukaruka unapogeuka, zima Mouse Integration kwenye menyu ya Input. Kishale kitafungwa ndani ya dirisha. Ctrl ya kulia ndiyo inayokitoa.

Nyuso zenyewe, wakuu, zistahiwe. Hizo ni picha za waigizaji halisi zilizosukwa na DreamFactory, injini ya CyberFlix wenyewe, ileile iliyotumika kwenye gemu lao la Dust la 1995. Mdomo unabadilishwa umbo juu ya picha iliyotulia. Leo inaonekana ngeni, lakini iliwawezesha kujaza meli na watu wanaozungumza kirefu kwa sidii mbili tu. Video kamili ya mazungumzo yote hayo isingeenea.

---

Saa_ya_Mfukoni:

Swali la tatu ni langu.

Saa ina tabia mbili, na mpaka kati yake ni kugonga siwa barafu. Kabla ya hapo saa inasogezwa na hadithi: ukitimiza jambo fulani, ukazungumza na mtu anayetakiwa au ukapata kitu kinachotakiwa, mshale unasogea. Usipotimiza, unaweza kutembea sitaha zote na usiku ukakusubiri. Baada ya kugonga, saa inatembea yenyewe, iwe umesimama unatafakari au unapanda ngazi. Ndiyo maana unaiona mara imelala, mara inakimbia.

Matokeo yake ni makubwa. Utalii wote fanya kabla ya kugonga. Gemu linaanza saa tatu na nusu usiku ndani ya chumba C-73. Mhudumu Smethells anakuja, naye anakuelekeza kwa Penny Pringle, mwenzako wa idara, kwenye ukumbi wa mazoezi. Kati ya Smethells na Penny unao uhuru mkubwa. Jifunze njia hapo: ngazi kuu inakutoa wapi, hamamu iko sitaha gani, njia ya kushukia kwenye boila ni ipi. Anayejifunza ramani maji yakiwa yameshaingia anapoteza dakika asizoweza kuzirudisha. Na kama unataka meli bila hadithi kabisa, menyu ya mwanzo ina hali ya matembezi, ianze hiyo.

Kuhifadhi sasa. Usiandike juu ya hifadhi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Gemu hili halikuzuii kufanya jambo litakaloharibu mwisho wako. Linakuacha uendelee, na unakuja kujua ukiwa ndani ya mashua. Weka hifadhi baada ya kuzungumza na Penny. Weka nyingine kabla ya kila mazungumzo yenye majibu ya kuchagua na Kanali Zeitel au na Sasha Barbicon, kwa sababu jibu moja la ukali linaweza kufunga mada. Weka moja unapoona saa inakaribia saa tano na dakika arobaini usiku, na hiyo usiiguse tena. Moja mara baada ya mtikisiko. Ya mwisho kabla ya kukubali kupanda mashua yoyote, maana ukikubali umeshaiacha meli na hakuna kurudi.

Majina ya hifadhi yawe mafupi, herufi na tarakimu zisizozidi nane, bila nafasi wala alama. Mfano 2130PENY, 2250A, 2339. Programu za zamani zinakata majina marefu, na majina mawili yanayofanana mwanzo yanaweza kufutana.

Kuhusu mwisho bora, ambaye hajacheza aruke aya hii na inayofuata. Kuna vitu vinne vya kufuatilia: nakala yenye vito ya Rubaiyat (kitabu cha mashairi ya Omar Khayyam), mkufu, daftari lenye majina ya viongozi wa Wabolsheviki, na mchoro. Wachezaji wapya hujifunga kwenye Rubaiyat kwa sababu ndiyo kazi waliyopewa, na vingine wanaviona mapambo. Sivyo. Rubaiyat na mkufu ni mali inayoweza kugharamia Waserbia wa kundi la siri la Mkono Mweusi, na njia hiyo inafika hadi mauaji ya Franz Ferdinand na Vita vya Kwanza vya Dunia. Daftari linagusa mapinduzi ya Urusi. Mchoro ni kazi ya Adolf Hitler, na kuokoka kwa mchoro huo kunamfanya Hitler awe msanii badala ya mtawala. Kukosa upande mmoja kunaiachia historia mlango mwingine wa kupitia, ndiyo maana unaweza kutoka na Rubaiyat mkononi na bado ukaonyeshwa karne iliyoharibika.

Vitu hivi havikai mahali pamoja. Vinapita mikononi mwa watu kadiri usiku unavyosonga, kwa hiyo kumbukumbu ya "kilikuwa kabatini" haina thamani baada ya saa moja. Fuatilia watu, usifuatilie makabati: nani alimtaja nani, nani ameonekana na nani. Daisy Cashmore ni mmbea, na umbea wake una kazi. Msikilize mpaka mada ziishe. Kabla ya kupanda mashua fungua mkoba na uhesabu. Kilichomo ndicho kitakachoamua, nia yako haiingii kwenye hesabu.

---

Tezi_na_Omo:

Swali la nne nalisubiri siku zote.

Anza na jambo moja linalosaidia hata kucheza. Kwenye Titanic halisi, mashua na vyumba vya namba witiri vilikuwa ubavu wa kulia wa meli ukitazama omo, yaani mbele ya meli, namba shufwa ubavu wa kushoto. Chumba chako C-73 ni witiri, kwa hiyo ubavu wa kulia. Ukumbi wa mazoezi pia ulikuwa ubavu wa kulia, kwenye sitaha ya mashua. Ukilishika hilo hupotei kirahisi kwenye korido zinazofanana.

Sitaha zilikwenda hivi: juu kabisa ya mashua, kisha A hadi G. Chumba cha kuvutia sigara kilikuwa A. Café Parisien ilikuwa B, ubavu wa kulia. Ukumbi wa mapokezi na wa chakula wa daraja la kwanza ulikuwa D. Hamamu na bwawa la kuogelea F. Uwanja wa skwoshi ulianzia G. Lifti tatu za daraja la kwanza zilifika kati ya A na E tu. Kwenda sitaha ya mashua ilikuwa lazima ngazi, na kwenda F ilikuwa lazima ngazi.

Uaminifu wa wachoraji ni mkubwa, na inafaa kujua walikuwa na nini cha kuangalia. Hakuna picha inayojulikana ya ngazi kuu ya Titanic. Picha zinazochapishwa kila mahali ni za Olympic, meli ndugu iliyoanza kazi 1911 na kuishi hadi 1935. Mbao, taa, saa yenye sanamu mbili za Heshima na Utukufu, vyote vinajulikana kupitia Olympic. Kwa hiyo ukitembea ngazi ile ndani ya gemu unatembea dhana bora iliyopo, na mfanano wake na Olympic ndio ushahidi wenyewe. Café Parisien ni kinyume: Titanic ilikuwa nayo 1912, Olympic haikupata mpaka matengenezo yaliyofuata ajali.

Chini kwenye boila, kumbuka vipimo unapotazama. Meli ya mita 269, boila 29, matanuri 159, yote yakilishwa makaa kwa sepetu. Dohani nne zilionekana, tatu tu zilitoa moshi wa boila. Ya nne ilikuwa ya kupitishia hewa.

Kuhusu muda: kugonga saa tano na dakika arobaini usiku, kuzama saa nane na dakika ishirini usiku, yaani muda wa saa mbili na dakika arobaini. Meli iligawanywa vyumba 16 vya kuzuia maji na ingeweza kuelea vinne vya mbele vikijaa. Vilivyopasuka vilizidi hapo, maji yakaingia upande wa omo. Chumba cha barua na uwanja wa skwoshi, vyote mbele na chini, viliona maji mapema sana. Ukiwa na kazi yoyote sehemu za chini upande wa omo, imalize kwanza.

Mashua zilikuwa 20: 14 za watu 65, mbili za watu 40, nne za kukunja za watu 47. Jumla nafasi 1,178, kwa meli yenye zaidi ya watu 2,200. Na tofauti ya pande mbili ilikuwa ya kweli: ofisa Lightoller, ubavu wa kushoto, alisimamia wanawake na watoto tu, na ofisa Murdoch, ubavu wa kulia, aliruhusu wanaume pale wanawake walipokosekana karibu. Mashua namba 1, ya watu 40, iliondoka na 12.

Kilichonivuta zaidi kwenye gemu hili ni ile Rubaiyat, kwa sababu haikubuniwa. Nakala yenye vito ilikuwepo. Ilijalidiwa London na Sangorski & Sutcliffe, ikakamilika 1911 baada ya kama miaka miwili ya kazi: tausi watatu kwenye jalada la mbele na vito zaidi ya 1,000. Iliuzwa mnadani Sotheby's Machi 1912 kwa pauni 405, ikanunuliwa na Gabriel Wells wa New York, ikasafirishwa kwa Titanic na kuzama nayo. Francis Sangorski mwenyewe alikufa maji wiki chache baadaye, mwaka huohuo. Nakala ya pili ilitengenezwa kwa michoro ileile, nayo ikaharibika kwa mabomu ya London wakati wa Vita vya Pili. Ya tatu, iliyokamilishwa na Stanley Bray 1989, iko British Library.

Sasa tazama gemu linavyoanza: London, 1942, mabomu yanaanguka. Walioandika wameyafunga mambo mawili yaliyoangamiza kitabu hicho, barafu na mabomu, kwenye ncha mbili za usiku mmoja. Nina sahihisho moja: mashambulizi makubwa ya anga juu ya London yalikuwa kati ya Septemba 1940 na Mei 1941. Aprili 1942 ndege za Ujerumani zilielekezwa zaidi miji kama Exeter na Bath. Tarehe imechaguliwa ili ifike miaka 30 kamili, na kwa hadithi ya namna hii naikubali.

---

Mkoba_wa_Carlson:

Asanteni sana wakuu. XP ndani ya VirtualBox imekubali, rangi zimetulia. Nina swali dogo: kuna mwenye uzoefu na upande wa Macintosh? Sidii zangu zinaonyesha sehemu ya Mac pia.

---

RangiNaSpika:

Inawezekana kwa SheepShaver, inayoiga Mac za PowerPC na kuendesha mifumo hadi 9.0.4. Unahitaji faili la ROM la Mac na nakala ya mfumo, 8.6 au 9.0.4 zinafaa. RAM MB 128 zinatosha. Ingia Monitors uchague rangi 256 kabla ya kufungua gemu, na skrini iwe 640 x 480.

Kinachosumbua ni sidii ya pili. SheepShaver haipendi kubadilishiwa sidii ikiwa imeshawaka. Kwa hiyo ongeza ISO zote mbili kwenye orodha ya Volumes kabla ya kuwasha, na zote zitaonekana kwenye meza ya kazi kwa pamoja. Gemu likiomba ya pili inakuwa tayari ipo. Hapa ndipo lile onyo la MtunzaSidii linapouma: ISO iliyotengenezwa kwa kunakili folda haina sehemu ya HFS, yaani mpangilio wa mafaili wa Mac, na Mac haitaiona kabisa.

---

Saa_ya_Mfukoni:

Na hifadhi za XP usijaribu kuzihamishia kwenye Mac katikati ya mchezo. Chagua upande mmoja umalizie hapohapo. Kama rangi zimeshatulia kwenye XP, mimi ningebaki XP.